Sanduku la barua la chama liko Kibombo

Maneno tuliyosema katika mkutano mkuu wa wanachama, Kibombo. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili wetu.

Tumepewa dakika ishirini. Papa prezida anatujua sisi watu wa shirika, tukishika neno hatuliachi, ndiyo maana ameweka saa yake juu ya meza.

Tuanze na simu iliyoanguka ndani ya Lualaba. Wengi wenu mnaijua ile habari. Mwenzetu mmoja wa biro alikuwa anavuka mto kwa mtumbwi, simu ikamtoka mkononi, ikazama. Simu ni simu, mtu anatafuta nyingine. Lakini anwani ya barua pepe ya chama ilikuwa imefunguliwa kwa jina lake yeye na kwa namba yake yeye. Neno la siri hakuwa analikumbuka, maana simu ndiyo ilikuwa inalikumbuka badala yake. Tulipojaribu kuingia kwa kompyuta ya biro tukaambiwa: tutakutumia tarakimu za kuhakikisha kwenye simu yako. Simu gani? Ile ambayo samaki wanayo. Kadi yenyewe ilikuwa imeandikishwa kwa jina la shemeji yake aliyekwisha kuhamia mbali, kwa hiyo hata kuirudisha namba haikuwezekana. Tuliwaandikia wenye sanduku lile mara tatu kwa Kifaransa na mara moja kwa Kiingereza. Jibu lilikuwa lilelile kila mara, na ilionekana wazi kwamba hakuna mtu aliyeliandika.

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na barua za miaka mitatu. Ripoti, ahadi za wafadhili, orodha za familia zilizorudi, na picha za karatasi za viwanja, zile parsele tulizokuwa tumezipita moja moja, lokalite kwa lokalite, kwa baiskeli na kwa miguu. Vyote hivyo viko bado mahali fulani duniani, havijaungua. Sisi tu wenye navyo ndio hatuwezi kuvifikia.

Hapo ndipo yalipoanza mawazo ya masini hii. Mnaiona kwenye ukuta wa biro kila mnapokuja kulipa mchango: kasanduku keusi kenye taa ndogo ya kijani, waya mbili, basi. Mama mmoja alitusimamisha sokoni na kutuuliza, "Barua zetu zote ziko ndani ya hii kasanduku? Na panya je?" Tulicheka, lakini swali la panya ni la kweli, tutalirudia. Na mfadhili mmoja alituuliza kwa karatasi, bila kuficha: pesa hizi, kwa nini zisinunue mabati? Tunajibu wote wawili leo.

Kwanza, seva ni nini. Ni kompyuta kama kompyuta nyingine, ila hailali, na kazi yake ni kungoja watu waje kuiomba kitu. Wazee mnaokumbuka posta ya zamani mnaijua tayari. Kila shirika lilikuwa na B.P. yake, na mtu wa posta alikuwa anapanga barua, hii yako, hii ya misioni, hii ya teritware. Seva ya barua pepe ndiyo yule mtu wa posta. Seva ya tovuti ni ubao wa matangazo mlangoni pa biro: mtu anapita, anasoma, anakwenda zake. Kasanduku ketu kanafanya kazi zote mbili. Mkiwa karibu na biro, simu zenu zinapata ubao wetu na barua za ndani bila kununua hata mega moja, kwa sababu haziendi Kinshasa wala Ulaya. Zinatoka kwenye ukuta na kurudi kwenye ukuta.

Hili si jambo dogo. Mnakumbuka mwisho wa mwaka 2018. Tarehe 31 mwezi wa 12, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi karibu wiki tatu baadaye, mwezi wa kwanza 2019. Siku zile kila mtu alikuwa na simu yenye chaji mkononi na hakuweza kumwandikia mtu wa kartye ya pili. Wakati ule hatukuwa na masini hii. Ingekuwepo, isingetufikisha Kindu, tusidanganyane, lakini hapa kati yetu komite ingeweza kuandikiana na orodha zingesomeka.

Programu zilizomo humo hatukununua. Hatukuiba pia, kama vijana fulani wanavyofikiri, wale wanaotuletea programu za kuvunjwa kwenye flashi. Ni programu huria. Mtu aliyeziandika amezitoa pamoja na maandishi yake yote ya ndani, na anakuruhusu kuzitumia, kuzifungua, kuzirekebisha na kumpa jirani yako. Ninyi mnaovuka mto mtaelewa upesi: je, ungekubali mtumbwi ambao aliyekuuzia amekukataza kuziba tundu mwenyewe, mpaka umwite yeye na umlipe? Programu nyingi za kununua ndivyo zilivyo. Na aliyekuuzia haji Kibombo.

Msingi wa masini yetu unaitwa Debian. Ulianzishwa mwaka 1993 na mwanafunzi mmoja wa Marekani, Ian Murdock; jina alilitunga kwa kuunganisha jina la mpenzi wake Debra na jina lake. Leo hakuna kampuni inayoimiliki Debian. Inatunzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, wanamchagua kiongozi wao kila mwaka kwa kura, na tangu mwaka 1997 wana mkataba wao walioandika wenyewe, kueleza wanachowadai wenzao na wanachowaahidi watumiaji. Tulipowasomea komite habari hii, sekretere akasema, "Kumbe hawa nao wana statuti!" Ndiyo. Ni chama cha kusaidiana, ila wanachanga maandishi badala ya franka.

Programu inayopanga barua na kuzipeleka ni Postfix. Aliiandika Wietse Venema, mtu wa Uholanzi aliyekuwa anafanya kazi kwa kampuni ya IBM kule Marekani, na ilitolewa kwa watu wote mwisho wa 1998. Mwaka huo wengi wenu mlikuwa njiani na watoto mgongoni. Kindu ilikuwa imeanguka mwezi wa kumi. Hatusemi kwamba mambo haya mawili yanahusiana. Tulipoisoma tarehe ile kwenye kioo tulinyamaza kidogo tu, kisha tukaendelea na kazi. Ile inayoyatunza masanduku na kumfungulia kila mtu la kwake ni Dovecot, ya Timo Sirainen wa Finland, tangu 2002. Ubao wa matangazo unashikiliwa na nginx, aliyoianza Igor Sysoev, mtu wa Urusi, na kuitoa 2004. Na ukurasa unaofungua kusoma barua zako unaitwa Roundcube. Hatuwaombi mkariri majina. Tunayataja ili siku sisi hatupo, kijana atakayekaa mbele ya masini ajue atafute nini.

Sasa umeme. Hapa ndipo tulipochoka kuliko mahali pengine popote. Mpango wa kwanza ulikuwa na jenereta, na kusema kweli ulikuwa mpango wa mtu aliyekaa Kindu. Mafuta yanafika hapa kwa pikipiki, bei yake inapanda na mvua, na treni mnaijua wenyewe. Basi tukapiga hesabu ya jua. Kompyuta yenyewe ni ndogo kama pakiti ya biskuti. Pamoja na diski yake inakula kama wati 5. Antena na kifaa cha kusambaza mtandao vinakula kama wati 10. Wati 15 kwa saa 24 ni 360. Batri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba 1,200, lakini batri za asidi ukizikausha chini ya nusu unaziua, kwa hiyo hesabu 600. Yaani batri moja, bila jua, haimalizi siku mbili. Na mvua ya hapa inaweza kufunika mbingu zaidi ya hapo. Tukaweka batri mbili na plaki mbili za wati 100, na antena tunaizima saa nne usiku. Tangu hapo masini imezimika mara moja tu, na siku hiyo kosa halikuwa la mbingu: mtu alikuwa amechomeka kinyozi cha umeme kwenye batri zetu. Tunamjua. Nywele zake zilikuwa safi sana Jumapili ile.

Na panya. Panya walikata waya wa antena mwezi wa pili. Waya sasa unapita ndani ya bomba la plastiki. Lakini adui mkubwa zaidi alikuwa kadi ndogo ya kumbukumbu, ile inayofanana na ya simu. Umeme ukikatika ghafla wakati masini inaandika, kadi inaharibika, na tuliharibu mbili kabla ya kukubali kununua diski ya kweli. Mtu akiwashauri kutunza karatasi za chama kwenye kadi ya simu, mkatalieni kwa heshima.

Tuje kwenye sehemu iliyotufundisha unyenyekevu. Tulifikiri tukishakuwa na masini, umeme na mtandao wa simu, barua zitaingia zenyewe. Haziingii. Mtandao wa simu unawapa watu wengi anwani moja ya nje. Ni kama ua mkubwa wenye nyumba nyingi na mlango mmoja wa barabarani: sisi tunaweza kutoka, lakini mpeleka barua akifika mlangoni hajui nyumba yetu ni ipi, anarudi. Isitoshe, seva za barua duniani zinapokezana kwa mlango namba 25, na mlango huo mara nyingi umefungwa kwa watu wa simu, kwa sababu ya wezi wanaotuma takataka. Na hata ungefunguliwa, seva kubwa za Ulaya na Marekani zikiona barua inatoka kwenye anwani ya simu zinaitupa bila kuisoma.

Basi tumekodi mlango. Kuna kompyuta ndogo tunayopanga Ulaya kwa dola chache kwa mwezi, yenye anwani yake isiyobadilika. Yenyewe haitunzi kitu. Inapokea barua za chama, inaziweka kwenye foleni, inangoja. Masini ya Kibombo ikipata mtandao inakwenda kubisha hodi huko kwa njia iliyofungwa, inachukua zilizofika, inaacha zinazotoka. Kwa nini kungoja ni muhimu? Kwa sababu seva ya mtu anayekuandikia haisubiri milele. Postfix, kwa mfano, usipoibadilisha, inajaribu siku 5, kisha inamrudishia mwenye barua ikimwambia imeshindwa. Hapa Kibombo mtandao unaweza kupotea siku 8. Mfadhili angerudishiwa barua yake na kufikiri chama kimekufa.

Wengine mlituuliza kama hii ni akili mpya. Hapana, ni ya zamani. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 kulikuwa na mpango ulioitwa UUCP, kompyuta zilikuwa zinapigiana simu usiku wakati bei iko chini, zinapeana barua na kukata. Mwaka 2003 kule Cambodia, jimbo la Ratanakiri, pikipiki zilikuwa zinapita kwenye shule za mbali zikiwa na kifaa nyuma ya kiti. Zikipita karibu na shule zinachukua barua hewani na kuacha nyingine, kisha zinazipeleka mjini. Sisi pia, mtandao ukikatika muda mrefu, mwenzetu anayekwenda Kindu anabeba flashi yenye barua zilizofungwa kwa ufunguo. Yeye mwenyewe hawezi kuzisoma, hata akitaka. Na kwa mtandao wa watu wenyewe hatuko peke yetu Kongo. Kisiwani Idjwi, ziwa Kivu, Mwami Roger Ntambuka na watu wake walifungua Pamoja Net mwaka 2016 pamoja na shirika la Ensemble Pour la Différence, antena za jamii kabisa. Wao walitaka kutoka nje. Sisi tulitaka kwanza kitu chetu kikae ndani.

Barua zetu za kwanza ziliingia kwenye takataka za wafadhili. Ninyi mnaosoma mbali, tunawasihi hata leo: angalieni kule. Tulipouliza tukajua tulikuwa tunatuma barua bila muhuri. Shefu hawezi kupokea karatasi isiyo na muhuri, na seva nazo ni hivyohivyo. Inabidi utangaze kwenye daftari la majina la intaneti ni kompyuta ipi inaruhusiwa kusema kwa jina lako. Inabidi kila barua itiwe sahihi ya hesabu ambayo mwingine hawezi kuiiga. Inabidi utangaze pia wafanye nini wakiona barua isiyo na sahihi hiyo. Na ile anwani uliyokodi, mtu akiiuliza jina lake, lazima ijibu jina lilelile. Ilituchukua siku mbili kuandika mistari minne. Usituulize siku mbili zile zilipita vipi.

Na sasa, ba mama na ba papa, tunafika kwenye kosa letu. Tungeweza kuliruka. Lakini wengi mlisikia vipande vipande, na wengine walisikia bongo, kwa hiyo sikieni kutoka kwetu.

Mwezi wa tatu tulifungua sanduku la kujaribu. Jina lake lilikuwa "jaribio", na neno la siri lilikuwa jina la mji huu na mwaka. Tulikusudia kulifuta jioni. Jioni mvua ikaja, tukafunga biro, tukasahau. Kuna masini duniani ambazo hazina kazi nyingine ila kubahatisha maneno ya siri ya watu, mchana na usiku, na moja ikabahatisha letu. Jumatatu tulikuta foleni ya barua maelfu, zote zimetoka kwa jina la chama, zikiwauzia watu tusiowajua dawa za nguvu za kiume. Chama cha watu waliorudi nyumbani! Kufikia saa ile anwani yetu ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye orodha za watuma takataka, na seva nyingi zilikuwa zinatufungia mlango.

Kufuta, kufunga, kubadilisha kila neno la siri, hiyo ni kazi ya siku moja. Kutoka kwenye orodha zile kulituchukua karibu wiki mbili. Na katikati ya wiki mbili hizo ilikuwa tarehe ya mwisho ya ripoti ya mbegu. Ripoti ilitoka hapa, haikufika kule. Tulipojua, tulimtuma mtu Kindu kwa pikipiki akaituma kwa anwani nyingine, ikafika ikiwa imechelewa siku nne. Mfadhili alikubali, lakini malipo yalisogea, na wale wa upande wa reli walipata karanga zao mvua ikiwa imekwisha kuanza. Wengine walipanda kwa kukopa. Mnajua mliokopa, na mnajua mlirudisha kwa bei gani. Hakuna mtu mwingine wa kulaumu. Ni sisi, kwa neno moja la siri la kivivu. Tuliomba radhi kwa komite na leo tunawaomba ninyi.

Tangu hapo masini inamfungia nje kwa muda mtu yeyote anayekosea neno la siri mara tano. Maneno ya siri ni marefu, yana maneno manne yasiyohusiana. Sanduku la kujaribu halifunguliwi tena bila watu wawili kuandika kwenye daftari la karatasi, pamoja na tarehe ya kulifuta.

Mtasema: basi si heri tungebaki na masanduku ya bure? Kwa barua peke yake, labda. Wapo vyama vinavyoendelea vizuri hivyo, na hatuwacheki. Lakini turudi kwenye karatasi za viwanja.

Mnamjua yule mama mjane aliyerudi akakuta watu wamejenga kwenye parsele ya marehemu bwana wake. Hatutamtaja jina. Karatasi zake ziliungua zamani wakati wa vita. Alichokuwa nacho ni ushahidi ulioandikwa baada ya kurudi, na majirani wawili na shefu wa lokalite waliutia sahihi. Ushahidi huo nao ulilowa nyumba ilipovuja, ukawa uji. Picha yake ya kwanza ilikuwa kwenye lile sanduku lililozama na simu. Ya pili tuliipiga upya mwaka jana, tulipokuwa tunajaza masini hii, wiki chache tu kabla karatasi haijalowa. Siku ya kesi alikuja biro asubuhi sana akasimama mbele ya ukuta. "Sasa karatasi yangu iko humu?" Tukamfungulia kwenye kioo. Hajui kusoma, lakini aliuona muhuri na akaweka kidole juu yake. Tukaichapa. Mbele ya wazee upande wa pili walisema, hii ni picha, si karatasi. Ni kweli, ni picha. Shefu aliitazama muda mrefu, akasema sahihi hii ni yangu, niliiweka mimi. Kesi haijaisha mpaka leo, lakini yule mama hajafukuzwa, na sasa anayetakiwa kuleta maneno mapya ni upande wa pili.

Kwa hiyo tukiulizwa mabati au masini, tunajibu: bati unalipiga juu ya kiwanja. Kwanza uonyeshe kiwanja ni chako.

Na hapo kuna jambo ambalo tunawaomba mlipigie kura leo kabla hatujala. Mzee mmoja wa komite amependekeza majina ya familia zote zilizorudi yawekwe kwenye ubao, yaani kwenye tovuti, ili ndugu walio bado Kindu, Lubumbashi, Tanzania au Ulaya wayaone na kujua nani yuko hapa. Tunamwelewa. Yeye mwenyewe alikaa miaka akidhani kaka yake amekufa, na kaka yake alikuwa Kasongo. Lakini ubao wa intaneti hausomwi na ndugu tu. Orodha ya nani amerudi, na yuko lokalite gani, na kiwanja chake ni kipi, ni kitu ambacho miaka fulani kingewaua watu, na mnajua hatusemi kwa kutisha. Sheria pia ipo: Kodi ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, inataka data za mtu zitumike kwa sababu inayojulikana na kwa ridhaa yake. Pendekezo letu sisi ni hili: tovuti ionyeshe kazi za chama na hesabu za pesa, bila jina la familia hata moja. Orodha ibaki ndani, kwenye diski iliyofungwa kwa ufunguo. Ndugu anayetafuta aandike, na sekretere amuulize kwanza yule anayetafutwa kama anataka kupatikana. Wapo wasiotaka. Tuliwahi kukutana nao.

Ufunguo wa diski, tumeona usikae kwa mtu mmoja tena, mto upo palepale. Umeandikwa kwenye karatasi mbili, kila moja ndani ya bahasha iliyofungwa. Moja iko kwenye sanduku la chuma la chama, ambalo mnajua lina kufuli mbili na watu wawili. Nyingine iko Kindu pamoja na nakala za akiba. Na jina la chama kwenye intaneti limeandikishwa kwa jina la chama chenyewe, si la mfanyakazi. Linalipiwa kila mwaka. Mwaka mtakaosahau kulilipa, mtu mwingine anaweza kulichukua, na barua zenu zitakwenda kwake.

Kuhusu nakala za akiba, neno moja. Tulikuwa tunajisifu kwamba tunazo. Siku tulipojaribu kuzifungua Kindu, ili tuone kama kweli zinarudi, tulikuta wiki sita za faili tupu. Programu ilikuwa inaandika kila usiku "kazi imekwisha", na ilikuwa inanakili folda isiyo na kitu, kwa sababu tulikuwa tumekosea herufi moja. Sasa kila mwezi kijana mmoja anachagua barua yoyote na kuirudisha kutoka kwenye nakala. Akishindwa anasimamisha kila kitu.

Vijana wenyewe mnawaona wamekaa pale nyuma. Mmoja alipata diplome yake ya Etat hapa Kibombo, na yeye ndiye aliyeigundua ile herufi. Mwingine anatengeneza redio sokoni, anajua kuunganisha waya kuliko sisi sote. Mkataba wetu sisi watu wa shirika unaisha mwisho wa mwaka huu. Tutaondoka, masini itabaki. Kwa wafadhili ombi letu si masini ya pili. Tunaomba kodi ya ule mlango wa Ulaya na malipo ya jina kwa miaka mitano mbele, batri mbili za kubadilisha zile zitakapochoka, na posho ya vijana hawa wawili ili wasilazimike kwenda kuchimba Kailo au Pangi kutafuta maisha. Kwa wanachama ombi ni dogo zaidi: mkiwaona wamepanda juu ya paa wanafuta vumbi kwenye plaki, msiwaambie washuke wakafanye kazi ya maana. Ilitokea juma lililopita, na aliyesema yumo humu ndani.

Kuanzia Jumamosi, baada ya soko, biro itakuwa wazi mpaka saa kumi kwa wale ambao karatasi zao hazijapigwa picha. Lete karatasi yenyewe, si nakala. Kama imeloa usiianike kwenye jua, ilete ilivyo, katikati ya kitambaa kikavu. Kama huna karatasi kabisa, njoo na jirani mmoja anayekumbuka mpaka wako ulipokuwa. Papa prezida, saa yako inaonyesha nini?